Fundi Anauliza: Mvuke wa thina hutambaa chini

Barua za safari hii karibu zote zinanuka thina, kwa hiyo tumezikusanya zijibiwe pamoja. Thina tunayoizungumzia ni ile ya madukani ya kupunguzia rangi na vanishi. Ndani yake mara nyingi mna toluini, zailini, asetoni na aina fulani ya spiriti, kwa vipimo anavyovijua mtengenezaji peke yake. Hesabu zilizomo humu tumezipiga kwa toluini safi katika hewa ya Kampala. Thina yako inaweza kuzidi au kupungua kidogo.

*Napuliza vanishi kwenye makabati ndani ya chumba cha mita 3 kwa 4. Mama anayetupikia chakula cha mchana ameweka sigiri yake nje ya mlango, hatua kama saba. Mwenye nyumba anataka ahame. Jerikeni yangu ya thina iko pembeni kabisa na huwa imefungwa. Moto utatokaje kwenye sigiri mpaka uifikie? — Seremala, Ndeeba*

Hautahitaji kuifikia jerikeni, ndugu fundi. Ile thina uliyokwisha kuipuliza ndiyo itakayoufuata moto wa mama.

Kinachoshika moto ni mvuke uliochanganyika na hewa. Mvuke wa toluini ni mzito mara tatu kuliko hewa, wa asetoni mara mbili. Ukitoka kwenye kabati lenye vanishi mbichi, hauendi juu kama moshi. Unashuka, unajaza sakafu, unapita chini ya mlango na kufuata mteremko kama maji yaliyomwagika, ila huuoni. Ukigusa makaa, moto unarudi kwa njia ileile mpaka chumbani kwa muda mfupi kuliko wa mtu kugeuka. Watu husema baadaye kwamba "thina ililipuka yenyewe", kwa sababu hakuna aliyeona kitu kikisafiri.

Tazama kiasi kinachohitajika. Lita 1 ya toluini ikikauka yote hutoa takriban lita 260 za mvuke. Mvuke huo ukifika asilimia 1.1 tu ya hewa, mchanganyiko unaweza kuwaka. Chumba chako kikiwa na dari ya mita 2.5, lita moja na robo inatosha kukijaza chote kwa kiwango hicho endapo hewa haitembei. Lakini mvuke haujigawi sawa mpaka darini. Kujaza sentimita 30 za chini, pale zilipo soketi na miguu ya kompresa, hata mililita 150 zinatosha. Hicho ni kikombe kidogo cha chai.

Halafu kuna joto la mmweko, yaani joto la chini kabisa ambalo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kushika cheche. La asetoni ni nyuzi 20 chini ya sifuri, la toluini ni nyuzi 4, la zailini ni kama 27, la mafuta ya taa ni 38 au zaidi. Mchana wa Kampala hufika nyuzi 27 au 28, kwa hiyo asetoni na toluini ziko tayari kuwaka saa zote, usiku na mchana. Jambo ambalo makaratasi ya dukani hayasemi ni kwamba namba hizo zimepimwa kwa mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, na hapo joto la mmweko hushuka kwa karibu nyuzi 3. Zailini inayoandikwa 27 kwetu inakuwa 24, nayo hiyo ni hali ya saa nne asubuhi.

Sasa kazi. Mwenye nyumba ana haki: sigiri ihame, angalau mita 15, upande upepo unakotokea. Feni iwekwe mlangoni upande wa hewa safi, isukume hewa ndani, ili mota yake isikae kwenye njia ya mvuke. Ukutani upande wa pili toboa tundu la kutolea hewa, na liwe chini, karibu na sakafu. Tundu la juu linapoza chumba tu, mvuke unabaki palepale. Hakikisha tundu hilo halielekei kwa jirani anayechomelea. Kompresa ikae nje na bomba refu liingie ndani, maana swichi yake ya presha hutoa cheche kila inapojiwasha na kujizima. Swichi ya taa nayo ihamie nje ya chumba. Ukimaliza kupuliza, usizime feni. Vanishi inayokauka inatoa mvuke uleule, na saa ya kwanza ndiyo mbaya.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi, toka nje. Fundi anayewasha mshumaa au tadooba (kibatari) ili amalizie mlango mmoja uliobaki amejiwekea sigiri yake mwenyewe chumbani.

*Duka langu linanunua thina kwa mapipa na kuipimia wateja kwenye chupa za soda na vijerikeni. Wiki iliyopita kijana alipokuwa akimimina alisikia kitu kimemchoma kidoleni, kama umeme. Hakuna waya karibu na pipa. — Mwenye duka, Arua*

Ni umeme kweli, ule wa msuguano. Toluini haipitishi umeme vizuri. Inapotiririka bombani na kuanguka ndani ya chombo hujikusanyia chaji, na chaji hiyo haina pa kwenda. Kijana alipogusa mdomo wa chuma, ikaruka. Cheche ya kuhisiwa kidoleni inatosha na kusalia kuwasha mvuke wa thina.

Na toluini ina ubaya wake wa pekee. Ndani ya pipa la petroli au la asetoni lililofungwa, mvuke kwa kawaida huwa mwingi kupita kiasi, hewa haitoshi, kwa hiyo cheche ya ndani hufa. Ndani ya pipa la toluini kwenye joto la nyuzi 25, mvuke husimama kwenye asilimia 4 hivi. Toluini inawaka kati ya asilimia 1.1 na 7.1. Ile nafasi tupu iliyo juu ya kimiminika iko katikati kabisa ya kiwango cha kulipuka, muda wote pipa likiwa limekaa tu dukani.

Fanya hivi. Chukua waya wa shaba wenye vibanio pande zote mbili, kama ule wa kuanzishia gari kwa betri ya jirani lakini mwembamba. Bana upande mmoja kwenye pipa, mahali ambapo rangi imekwanguliwa mpaka chuma kikaonekana, na upande wa pili kwenye chombo cha chuma unachojaza. Bana kabla ya kufungua kizibo, bandua baada ya kufunga. Kutoka pipa lenyewe peleka waya mwingine kwenye nondo iliyopigwa ardhini. Bomba la kujazia lifike chini ya chombo, thina ipande polepole. Kuiangusha kutoka juu kunazidisha chaji na mvuke kwa pamoja. Acha sehemu moja ya kumi ya chombo ikiwa tupu, kwa kuwa thina hutanuka ikipata jua.

Waya hausaidii chombo cha plastiki, kwa sababu plastiki haipitishi umeme. Kama mteja ana jerikeni ya plastiki, iweke chini sakafuni, usiishike mkononi wala kuining'iniza kwenye pikipiki, tumia faneli ya chuma iliyofungwa waya, na mimina taratibu. Hata hivyo, thina yenye toluini nyingi hulainisha jerikeni za kawaida. Zikikaa wiki kadhaa utaziona zimebonyea mbavuni, na harufu inatoka ingawa kifuniko kimekaza. Makopo ya bati yenye kifuniko cha kuzungusha ndiyo mahali pake.

Chupa za soda acha leo. Barua ya mama kutoka Jinja hapo chini itakueleza sababu.

*Nakata mapipa kutengeneza majiko ya kuchomea nyama. Nikipata pipa la thina nalikausha juani siku mbili, halina hata tone, ndipo nalikata kwa mwali wa gesi. Mwenzangu anasema nitakufa. Pipa tupu lina nini? — Fundi chuma, Katwe*

Sikiliza mwenzako. Pipa lako lina ujazo wa lita 210. Ili lifike asilimia 1.1, linahitaji mililita 9 za toluini, yaani vijiko viwili vya chai. Ukivipata vijiko hivyo, una bomu. Na kabla ya kusema hakuna tone, pindua pipa ulitazame pale ubavu unapokutana na kitako. Bati limekunjwa mara kadhaa kutengeneza ule ukingo, na ndani ya mkunjo thina hujificha pamoja na utomvu wa rangi uliokauka. Jua la siku mbili halifiki humo. Moto wa gesi unafika. Unaupasha ukingo, thina inatoka kama mvuke, inakutana na hewa uliyoiingiza ulipofungua vizibo, na mwali uko mkononi mwako. Kitako hung'oka kizima, na kwa kawaida fundi amekiinamia.

Wengine hunusa kwanza. Pua inazoea harufu ya thina kwa dakika chache tu, kisha inanyamaza.

Nunua mapipa yaliyobeba vitu visivyowaka. Hilo ndilo jibu letu la kweli, na tofauti ya bei haifiki gharama ya wadi ya waliochomeka. Ukilazimika kukata la thina, fungua vizibo vyote viwili, kile cha inchi 2 na kile kidogo cha robo tatu. Mimina kilichobaki kwenye chombo chenye kifuniko. Jaza maji ya moto yenye sabuni ya unga, lizungushe na kulilaza kila upande, mwaga, rudia mpaka maji yatoke bila utando wa mafuta juu. Kisha lijaze maji baridi mpaka yafurike. Thina ni nyepesi kuliko maji, hivyo itapanda na kutoka kwa juu. Kata likiwa limejaa maji mpaka karibu kabisa na mstari wa kukatia, vizibo vikiwa wazi ili mvuke wa maji upate njia. Kazi ni ya polepole na maji yatakulowesha. Pipa lililokuwa na rangi iliyogandamana ukutani usilikate hata kwa njia hii. Gamba la rangi hutoa gesi mpya kila linapopata moto, na sabuni hailiondoi.

Grainda si salama kuliko gesi. Cheche zake zinatosha.

*Nashona na kubandika viatu miaka sita. Tangu mwezi wa pili vidole vya miguu vinakufa ganzi, sasa na vya mikono. Nimetibiwa malaria mara mbili. — Fundi viatu, Kasese*

Kamweleze daktari kazi yako kabla ya kumweleza maumivu. Gundi nyingi za viatu huyeyushwa kwa heksani. Mwili ukiivuta siku baada ya siku huigeuza kuwa kitu kinachoharibu mishipa ya fahamu, na huanza na mishipa mirefu kuliko yote, ile ya miguuni. Ganzi huanzia kwenye ncha za vidole vya miguu, halafu mikono, baadaye miguu inakosa nguvu na mtu anaanza kujikwaa. Si malaria.

Acha gundi hiyo sasa hivi, usingoje kopo liishe. Hali inaweza kuendelea kuzorota wiki kadhaa baada ya kuacha, usikate tamaa wala kudhani umekosea. Wengi hupata nafuu, ila kwa miezi. Utakaporudi kazini, bandika nje barazani, kopo lifunikwe kila baada ya kuchovya brashi, na utafute gundi isiyo na heksani. Muulize muuzaji akusomee kilichoandikwa kwenye kopo. Kama kopo halina maandishi, usilinunue.

*Karakana ya jirani iliungua saa tisa usiku. Hakukuwa na umeme, hakuna aliyelala humo. Tunasikia ni matambara. Inawezekana? — Seremala, Nsambya*

Inawezekana, ila matambara ya thina peke yake hayafanyi hivyo. Thina hukauka ikaondoka. Yanayojiwasha ni yale ya mafuta ya lini (ya mbegu za kitani), hasa yaliyochemshwa, na vanishi zilizotengenezwa kwa mafuta hayo. Mafuta haya yakikauka yanakula oksijeni na kutoa joto. Tambara lililotandazwa joto lake linapotea. Matambara kumi yaliyofinyangwa pamoja na kutupwa pembeni juu ya vumbi la mbao hulitunza joto lile, likazidi, na saa kadhaa baadaye moshi unaanza. Kama palikuwa na thina karibu, ikasaidia.

Yatandaze moja moja kwenye uzio nje mpaka yakakamae kama ngozi kavu, au yatie kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Vumbi lile jeupe la vanishi ya nitroselulosi linaloganda ukutani na kwenye feni nalo lifagie likiwa limeloweshwa, kwa kifaa cha mbao. Linawaka kama njiti ya kiberiti.

*Mtoto wa miaka mitatu alikunywa thina kwenye chupa ya soda. Bibi yake alimpa maziwa na kumtapisha. Amepona, ila nataka kujua kama tulifanya sawa. — Mama, Jinja*

Tunashukuru amepona. Kumtapisha ndilo lililokuwa la hatari, mama. Hatari kubwa ya thina mara nyingi haiko tumboni, iko mapafuni. Ikipanda tena kooni, hata matone machache yakiingia kwenye mapafu, yanayachoma, na kikohozi na kupumua kwa shida hufuata. Siku nyingine, Mungu aepushe, msipe maziwa wala mafuta, msimtapishe. Msukutueni mdomo, mvueni nguo zilizolowa, mkae naye wima, mwende hospitali na chupa yenyewe. Hata akionekana mzima, asirudi nyumbani kabla ya saa sita za kuangaliwa, maana mapafu hayalalamiki mara moja. Kwa macho, maji safi dakika 15 bila kukatiza.

*Tununue mtungi gani wa kuzimia moto kwa karakana ya wanafunzi? Na maji je? — Mwalimu wa chuo cha ufundi, Mbale*

Mtungi wa unga wa kilo 9, utundikwe karibu na mlango wa kutokea, mbali na mahali pa kuhifadhia thina. Mtu akimbilie mlangoni kuuchukua, na kama moto umemzidi, tayari yuko mlangoni. Wafundishe wanafunzi kwamba unga unaisha kwa sekunde 20 hivi. Wasimame mita 2 hadi 3, wapulize chini kwenye shina la moto, wafagie kushoto na kulia. Kila mwezi tazama mshale wa presha uko kwenye kijani, kisha pindua mtungi juu chini mara kadhaa, kwa kuwa unga hushikamana kitakoni. Ndoo mbili za mchanga mkavu ziwepo kwa kilichomwagika.

Maji ya bomba hapana. Toluini huelea juu yake na kuwaka huku ikisafiri. Kopo dogo likishika moto, lifunike kwa bati ukilisogeza kwa ubavu. Kosa linalorudiwa karakana zote ni kulibeba kopo linalowaka kulikimbiza nje: mtu anatembea, upepo unampigia mwali mkononi, analiachia, linammwagikia miguuni. Na kwa methanoli, ambayo ni aina ya spiriti, wawe macho zaidi, kwani mwali wake mchana hauonekani, utaona tu hewa inatetemeka na kitu kinabadilika rangi. Namba za dharura ni 999 na 112, zibandikwe ukutani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde walio kazini, na chuo ni vizuri kionyeshe mfano.

*Barakoa zilizobaki za wakati wa korona zinafaa kupulizia rangi? Na kunawa mikono kwa thina kuna ubaya? — Fundi wa magari, Mbarara*

Hazifai. Zinazuia matone na vumbi, mvuke unapita kama vile huna kitu. Unahitaji barakoa ya mpira yenye vichungi vya kaboni. Vya mtindo wa Ulaya vina mstari wa kahawia na herufi A, vya Marekani vina mstari mweusi. Thina yenye asetoni nyingi inahitaji ule wa Ulaya ulioandikwa AX, kwa sababu asetoni huchemka kwenye nyuzi 56 tu na kichungi cha A cha kawaida hakiishiki. Ukianza kunusa ndani ya barakoa, kichungi kimekwisha. Kichungi cha A baada ya kazi kifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, la sivyo kitaendelea kufyonza harufu za gereji usiku kucha.

Kunawa kwa thina kunaondoa mafuta ya ngozi, inapasuka, na kupitia mipasuko hiyo inaingia zaidi. Petroli ni mbaya kupita hapo, ina benzini inayosababisha saratani ya damu. Tumia mafuta ya kupikia kulainisha rangi, kisha sabuni na pumba za mbao laini.

*Thina chafu ya kuoshea bunduki ya rangi tunaimwaga mferejini. Kuna njia nyingine? — Kikundi cha mafundi, Bwaise*

Ipo, na inawapunguzia gharama. Mwageni thina chafu kwenye kopo la bati refu, mfunike, mliache kivulini siku mbili tatu. Rangi itatuama chini. Ile ya juu iliyong'aa imimineni taratibu kwenye kopo jingine, mliandike "ya kuoshea", na itafanya kazi hiyo mara mbili au tatu zaidi. Isichanganywe tena na rangi ya mteja. Tope linalobaki likusanywe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko na kukabidhiwa mzoaji mwenye leseni ya taka hatari ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda. Ile ya mferejini hushuka mpaka mfereji wa Lubigi na kuingia kwenye kinamasi chake. Kabla haijafika huko, mvuke wake hukaa chini ya vifuniko vya zege, na juu ya vifuniko hivyo mmeshaona ni nani hukaanga chapati jioni.